Jinsi ya kuwasha jeni ya nzi kwa protini ya hamira
Ukitaka jeni iwake kwenye macho tu ya nzi wa matunda, tumia Gal4, protini ya hamira. Chukua nzi anayetengeneza Gal4 machoni, mpandishe na nzi ambaye jeni yako imewekewa UAS mbele yake, yaani kipande cha DNA ambacho Gal4 inakishika, alafu subiri watoto, hao ndo itawaka.

Kwa nini inakubali? Gal4 ina sehemu mbili, moja inashika DNA, nyingine inaita mashine ya kunakili jeni, na mashine hiyo inafanana sana kwa hamira, nzi mpaka binadamu, yani mi hapa ndo napapenda kweli!

Jeni ikiwaka kidogo, walee nzi kwenye nyuzi joto 29, sio 18. Na linganisha na nzi wenye UAS bila Gal4, maana UAS zingine huvuja, yaani jeni inawaka kidogo hata bila Gal4.