Kabla Hujashusha Kayaki Kwenye Bahari ya Tanga

Wengi wanaokodi mashua iwabebe wao na kayaki zao, yaani mitumbwi myepesi ya kupiga kafi, hujiandaa kwa ajili ya samaki tu: mishipi, ndoana, chambo, basi. Usalama wanamwachia nahodha. Ushauri wangu ni mmoja: jiandae kana kwamba mashua haipo.

Ukikaa kwenye kayaki, kichwa chako hakifiki hata mita moja juu ya maji. Wimbi dogo tu linakuficha. Siku moja nje ya kisiwa cha Yambe mwenzetu alichukuliwa na mkondo akiwa ameinamia mshipi, na sisi tuliokuwa juu ya mashua tukamtafuta karibu saa nzima. Kilichotuonyesha alipo ni fulana ya rangi ya chungwa aliyoifunga kwenye ncha ya kafi akawa anaipunga. Tangu siku hiyo, kayaki isiyo na bendera ndefu ya rangi kali haishuki majini nikiwepo. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe mwilini, na filimbi ifungwe juu yake.

Siku ya kutoka ichague kwa mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yakitoka hupita kwa nguvu kati ya visiwa na miamba. Mgeni wa kayaki aende siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Upepo wa kusi ukishika, ahirisha.

Halafu kaa na nahodha mkiwa bado pwani. Nani atabaki kuwatazama bila kuvua? Kafi likiinuliwa wima maana yake nini? Filimbi ikilia mara tatu je? Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, inafanya kazi? Ijaribuni hapo hapo. Chaneli 16 ndiyo ya dharura.

Kurudi mashuani ndiko kunakoumiza watu. Subiri injini izimwe, uje upande wa demani uliokingwa na upepo. Toa kwanza fimbo za kuvulia na ndoana zote, shika kamba, ndipo uinuke. Usiweke vidole kati ya kayaki na ubavu wa mashua. Kuanguka na kupanda tena kayaki kujaribiwe kwenye maji ya kina cha kifua, siku chache kabla.

Kila kitu kifungwe: kafi, kisu, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kisu kiwe karibu na mkono, maana kolekole mkubwa akivuta na kamba ikakuzonga mguu, hutapata muda wa kufungua mkoba. Maji ya kunywa lita tatu au nne kwa mtu, na deli la barafu libaki mashuani. Beba pia chupa ya maji ya moto: mwiba wa tasi una sumu, na kuloweka kidonda kwenye maji ya moto yasiyounguza hupunguza maumivu.

Yambe na Karange zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo ulizia kibali na ada mapema.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani karatasi: namba ya nahodha, idadi ya kayaki, mnakokwenda na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita na simu hazipatikani, apige 112.