Kazi za Mikono kwa Wanafunzi wa Shule ya Msingi: Miyaa, Milango na Champali za Lamu

Mwalimu anayeandaa kipindi cha sanaa katika shule ya msingi hapa Lamu hana haja ya kuanza kwa kuandika orodha ya vitu vya kununua dukani. Na aanze kwa kuwauliza wanafunzi wake ni kitu gani kinachotengenezwa kwa mikono nyumbani kwao, na kabla ya kengele kulia atakuwa ametajiwa bibi anayesuka mikeka, mjomba anayetia mashua kalafati, na mama anayedarizi kofia za vito. Watu hao ni hazina ya darasa, na mabaki ya kazi zao, yaani vipande vya miyaa, vitambaa na mbao, ndivyo vifaa bora kwa mtoto, kwa kuwa mkono wake umekwisha kuvizoea.

Kazi tatu ninazozieleza hapa nimezifanya na watoto wa miaka 6 hadi 12. Sikuzipa nafasi sawa, kwa sababu ya kwanza inahitaji uangalifu mwingi zaidi, na naamini ndiyo inayomfunza mtoto mambo mengi zaidi.

Kusuka ukili na kushona kitanga

Miyaa ni majani machanga ya mkoma yaliyochanwa na kukaushwa juani hadi yakawa meupe. Kwa wanaoanza, hata hivyo, ni vyema kutumia karatasi kwanza, na karatasi za kalenda za zamani zinafaa kuliko za daftari kwa kuwa ni nene na hazichaniki upesi. Zikatwe vipande vyenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 40 hivi, vya rangi mbili tofauti ili mtoto aone kila kipande kinakokwenda. Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili wasilazimishwe kusuka ukili, yaani ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka au kitanga. Inatosha kuwapa karatasi iliyopasuliwa mistari katikati, wakapitisha vipande vingine juu na chini hadi wakapata mkeka wa karatasi.

Mtoto akishaelewa kwa karatasi, apewe miyaa yenye upana wa nusu sentimita. Miyaa mikavu hukatika inapokunjwa, kwa hiyo ilowekwe kwa muda mfupi kisha ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu wakati wote wa kazi. Funga ncha za miyaa mitano pamoja kwa uzi, uzifungie kwenye mguu wa dawati au mtoto azibane kwa vidole vya mguu. Miyaa mitatu ikae upande wa kushoto na miwili upande wa kulia. Mwaa wa nje kabisa wa kushoto upite juu ya jirani yake, upite chini ya ule unaofuata, kisha ujiunge na upande wa kulia. Sasa kulia kuna mitatu na kushoto kuna miwili. Basi mwaa wa nje kabisa wa kulia nao upite juu ya mmoja, chini ya mmoja, uhamie kushoto. Kazi yote ni kurudia hatua hizo mbili, na watoto wakizisema kwa sauti, "juu, chini, hamia, juu, chini, hamia", mikono hufuata mdomo bila taabu.

Matatizo mawili hujitokeza karibu kila mara. La kwanza ni mvuto: mtoto anayevuta kwa nguvu hupata ukili unaojipinda, na anayelegeza mno hupata ukili wenye matundu. Hapa ndipo bibi msukaji anapohitajika darasani. Akikaa chini jamvini, watoto wamemzunguka, akamshika mmoja mkono na kumwambia, "Mwanangu, vuta taratibu, usiukamie," jambo hilo huingia kwa namna ambayo maelezo ya ubaoni hayawezi kulifikisha. La pili ni kuisha kwa miyaa. Ikiwa yote mitano ina urefu sawa, itaisha pamoja na ukili utaachia mahali pamoja, hivyo ikatwe kwa urefu tofauti tangu mwanzo. Mwaa unapokaribia kuisha, mwaa mpya ulazwe juu yake, isukwe pamoja kwa zamu tatu au nne, na masalio ya ncha yakatwe kwa mkasi baada ya ukili kukamilika.

Ukili wa miyaa mitano ya upana huo huwa na upana unaokaribia sentimita 2. Ili kushona kitanga kidogo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 15, kinachotosha kuwekewa kikombe au birika, mtoto atahitaji ukili wa takriban mita 1. Hesabu hiyo waachiwe watoto wa gredi ya tano na ya sita waifanye wenyewe, maana ni mahali adimu ambapo eneo la duara lina matumizi wanayoyaona. Wakati wa kushona, ukili ulowanishwe tena, ncha yake ikunjwe ndani kwa udogo iwezekanavyo, na kila mzunguko ushonwe ukingo kwa ukingo na ule uliotangulia. Katikati ndipo pagumu: ukingo wa ndani lazima uvutwe na uzi hadi ujikunje kidogo, la sivyo kitanga kitainuka kama kawa la kufunikia chakula. Wasukaji hutumia shazia, sindano ndefu ya kushonea mikeka, lakini kwa watoto sindano kubwa yenye ncha butu ni salama zaidi. Kazi nzima ichukue vipindi vitatu au vinne, bila haraka.

Nina ombi moja kwa walimu wenzangu. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia siku ambayo wazazi wangekuja kutazama kazi za watoto, nilifumua kili tatu zilizokuwa zimepinda na kuzisuka upya ili meza ipendeze. Asubuhi mtoto mmoja alizunguka meza mara mbili akikitafuta kitanga chake, na hakukitambua ingawa jina lake lilikuwa limeandikwa chini yake. Tafadhali, kazi ya mtoto isitengenezwe na mtu mzima. Kama imepinda, aulizwe mwenyewe anaona ilianzia kupinda wapi, na aamue kama atafumua au ataendelea.

Kuchapa nakshi za mlango

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango yake ya nakshi ni miongoni mwa mambo yanayoufanya ujulikane. Watoto huipita kila siku pasipo kuitazama. Kwa hiyo kazi hii ianze kwa matembezi mafupi ya mtaa wa Mkomani, kila mtoto akiwa na daftari na penseli. Wapige hodi, waombe ruhusa kwa adabu, kisha wachore kwa macho, bila kuegemeza karatasi kwenye mbao wala kuzikwaruza. Waonyeshwe mfaa, ule mti wa katikati unaozifunika mbao mbili zinapokutana, na waulizwe kama nakshi za upande wa kulia zinalingana na za kushoto.

Darasani, mihuri ikatwe kutoka kwenye soli za champali (ndala) zilizochakaa. Wengine hutumia viazi, nami sipendi watoto wakizoea kuharibu chakula, tena kiazi huoza kesho yake ilhali muhuri wa champali hudumu mwaka mzima. Mtoto achore waridi, jani au pembetatu juu ya soli, mtu mzima akate kwa kisu kikali, na kipande kigandishwe kwenye kibao kidogo cha kushikia. Kisha karatasi ya manila ikunjwe katikati na kufunuliwa. Mtoto achape nusu moja, akunje karatasi wakati rangi ingali mbichi, na kuikandamiza kwa kiganja. Anapofunua tena, nusu ya pili ya mlango imejitokeza, hafifu kidogo, na kwenye mkunjo huchora mfaa wake.

Karatasi ikikauka, ibandikwe kwenye kadibodi kwa gundi ya unga. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi, umimine katika vikombe viwili vya maji yanayochemka, na uendelee kukoroga juu ya moto mdogo hadi iwe nzito kama uji. Kwa joto la pwani gundi hii huchacha upesi, kwa hiyo ipikwe ya kutosha siku hiyo tu.

Mashua ya champali

Watoto wengi wa Lamu wanaifahamu Flipflopi, mashua yenye urefu wa mita 9 iliyojengwa hapa kwa plastiki iliyookotwa, ikafunikwa kwa vipande vya champali kuukuu zipatazo 30,000, ikashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mashua yao ndogo hutoka kwenye takataka zile zile za ufuoni.

Soli moja ichongwe omo, yaani mbele, iwe nyembamba na tezi, yaani nyuma, ibaki pana. Mlingoti na foromali, yaani mti wa kufungia tanga, ziwe vijiti vya chelewa, na tanga liwe pembetatu ya leso kuukuu, likifungwa kwenye foromali kwa uzi kabla ya foromali kufungwa kwenye mlingoti. Mashua itiwe katika karai la maji, nayo itapinduka. Msiwaambie watoto sababu. Waacheni wapunguze tanga, wafupishe mlingoti, wajaribu tena, mpaka mmoja wao atambue kwamba uzito unatakiwa chini; hapo wapeni kipande cha chupa ya plastiki wakichomeke chini ya soli kiwe mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, na kijiwe cha kufunga kwenye mkuku huo.

Mashindano yafanyike maji yakiwa yametulia, kwenye kina kisichovuka magoti, pamoja na watu wazima wawili au zaidi. Kila mashua ifungwe uzi mrefu tezini, na mtoto aushike mpaka mwisho, ili champali iliyookotwa ufuoni isirudi tena baharini.