Somo: Upinde wa mkole, kuanzia ufito mbichi hadi kulenga shabaha

Somo hili ni la anayetaka kuchonga upinde wake mwenyewe na kulenga shabaha nyumbani, si la kuwinda. Nimechagua mkole kwa sababu huota sehemu nyingi kavu za Tanzania na Kenya, na fito zake ni ngumu, zinanepa na kurudi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nao huchonga silaha zao kwa miti ya jamii hiyo.

Lengo letu ni upinde wa kuvutwa kwa kilo 14 hadi 16. Msione ni kidogo. Waata wa Tsavo walivuta pinde za zaidi ya kilo 45, lakini walianza utotoni. Anayeanza na upinde mzito hujifunza kutetemeka tu, halengi.

1. Ufito

Tafuta ufito ulionyooka, unene wa sentimita 5 hadi 6, usio na mafundo mengi. Tazama mistari ya gome: ikiwa inazunguka mti, achana nao, maana nyuzi za ndani zinazunguka vilevile. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Kwenye hifadhi ya msitu usikate bila kibali.

Upinde uwe na urefu unaokaribia wako. Kwa mtu wa sentimita 170, kata ufito wa 190 upate pa kupunguzia. Paka ncha zote mbili rangi au nta siku hiyohiyo, zisipasuke. Menya gome kwa mikono au kwa kijiti butu.

Sehemu iliyokuwa chini ya gome ndiyo mgongo wa upinde, yaani upande utakaomtazama mlengwa. Mgongo haukatwi, haukwanguliwi, haupigwi tupa. Upinde unapovutwa, nyuzi za mgongo ndizo zinazotanuka, na uzi mmoja uliokatwa na kisu ndipo mpasuko unapoanzia. Kazi yote ya kuchonga hufanyika tumboni, yaani upande utakaokutazama wewe unayevuta, na ubavuni.

2. Kukausha

Chonga umbo la kwanza kungali kubichi: ondoa nusu ya unene upande wa tumbo kwa panga au tezo. Ufunge kwenye ubao ulionyooka, uweke kivulini penye upepo. Jua litaupasua. Upime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku chache; ukiona uzito haushuki tena kwa wiki nzima, umekauka. Kwa kawaida ni mwezi mmoja hadi miwili.

3. Umbo

Piga mstari wa katikati kwa penseli. Kishikio sentimita 10, kibaki kinene kisinepe. Mikono miwili ya upinde, juu na chini ya kishikio, ianze na upana wa sentimita 4, iende ikipungua hadi 1.5 kwenye ncha. Unene nao upungue polepole kuelekea ncha. Penye fundo acha mti uzidi kidogo pembeni. Kwa kazi hii randa na tupa ya mbao zinatosha.

4. Kusawazisha

Hapa ndipo upinde unapopatikana au kupotea, na hapa ndipo ninapowaomba msiwe na haraka hata kidogo.

Anza kwa kusimamisha ncha moja sakafuni na kukandamiza kishikio. Sikilizia mkono unavyonepa, kisha geuza. Ikianza kunepa yote miwili, kata mapengo ya ugwe (kamba ya upinde) kwenye ncha kwa tupa ya duara, upande wa ubavuni tu, halafu ufunge kamba ndefu iliyolegea. Tundika upinde ukutani kwenye kigingi, pitisha kamba ya pili, yenye ndoano inayoshika ile ya kwanza, kwenye kapi lililofungwa chini, ukavute ukiwa umesimama mita chache mbali. Kwa karibu huoni kitu. Kwa mbali jicho linaona mara moja mkono upi umekakamaa na wapi pana kona.

Palipokakamaa tia alama ya penseli na ukwangue tumbo hapo. Panaponepa kupita kiasi usiguse kabisa, acha majirani zake wapungue. Baada ya kila kukwangua, vuta taratibu mara ishirini au thelathini kabla ya kutazama tena, kwa sababu mti huchelewa kuonyesha ulichokifanya. Weka mizani ya kupimia mizigo kati ya kamba na ndoano: usivute kamwe kupita kilo unazozitaka mwishoni, hata kama upinde bado ni mgumu na umefika sentimita 30 tu.

Mikono ikinepa sawa, tia ugwe mfupi. Nafasi kati ya ugwe na kishikio ianze sentimita 12, ifike 15 au 16. Endelea hadi kipimo chako cha kuvuta: nyoosha mikono yako yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mtu wa 170 anapata 68. Mimi huacha tupa sentimita 5 kabla ya hapo na kumalizia kwa msasa, kwani upinde hulainika kidogo baada ya kutumika. Mwisho paka mafuta ya kitani au nta.

5. Ugwe

Ugwe wa Wahadzabe ni wa kano za mnyama. Sisi tutatumia uzi wa poliesta wa fundi viatu. Nailoni hutanuka mno. Nguvu ya ugwe iwe angalau mara nne ya kilo za kuvuta upinde. Kama uzi mmoja hukatika kwa kilo 5, upinde wa kilo 16 unataka nyuzi 13. Weka 16, zigawe mafungu mawili, uyasokote pamoja, upake nta ya nyuki.

6. Mishale

Vijiti vya mkole au mianzi myembamba, unene milimita 8 hadi 9. Nyoosha juu ya makaa, vikipoa ndipo uachie. Urefu ni kipimo chako cha kuvuta na sentimita 4 zaidi. Kata pengo la ugwe, kisha funga uzi chini yake kijiti kisipasuke. Manyoya matatu, yote ya bawa la upande mmoja. Ya kanga na bata mzinga ni mazuri. Kigumba kiwe butu.

7. Kulenga

Mita 8 zinatosha kuanza. Gunia lililoshindiliwa matambara, nyuma yake ukuta wa udongo, na asiwepo mtu wala mnyama huko. Simama ubavu, vuta kwa misuli ya mgongo hadi kidole kiguse pembe ya mdomo, halafu legeza vidole. Vaa ngozi kwenye kigasha. Usiachie ugwe bila mshale: nguvu yote hurudi kwenye mti na upinde huvunjika. Ukimaliza, vua ugwe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Kwenye tumbo la upinde wangu pametokea mistari midogo iliyokunjamana karibu na kishikio. Nipake gundi?*

Marahaba. Gundi haitasaidia. Nyuzi za tumbo zimeminywa zikavunjika, kwa sababu hapo panabeba kazi ya mkono mzima. Kwangua sehemu iliyobaki ya mkono huo ili nayo inepe, na upunguze uvutaji. Ikiongezeka, anza upinde mwingine.

*Mishale yangu yote inakwenda kushoto. Navuta kwa mkono wa kulia.*

Kama unaachia vizuri, basi ni migumu mno. Mshale hupinda ukizunguka kishikio, mgumu hauwezi. Weka kijiti juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 66, tundika gramu 907 katikati. Kwa upinde wa kilo 16 kishuke karibu milimita 19. Kikishuka kidogo, kipunguze kwa msasa.

*Kaka, wazee wetu Ukambani walipaka sumu. Utatufundisha?*

Hapana, ndugu yangu. Sumu ile husimamisha moyo wa mtu kama wa mnyama, na mshale uliopotea nyasini hauchagui mguu wa nani. Tena Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania huwindi bila leseni. Hapa tunalenga magunia.

*Mwanangu ana miaka tisa, anang'ang'ania wa kwake.*

Mchongee, usimkatie wako. Urefu sentimita 120, kuvuta kilo 5 hadi 7, mishale yenye vichwa vya mpira. Naye avute ukiwa umesimama pale pale.