Somo: Kusema "ili" kwa Kijapani (ni, tame ni, yō ni, no ni)

Kwetu "ili" inabeba karibu kila kusudi: ili ninunue, ili nisisahau, ili wasikie. Kijapani kinaigawa kazi hiyo, na ukiling'ang'ania tame ni kila mahali utasikika kama tangazo la serikali.

Hatua ya 1: unakwenda mahali kufanya jambo. Ondoa -masu (mwisho wa adabu wa kitenzi), weka ni, kisha iku (kwenda), kuru (kuja) au kaeru (kurudi).
映画を見に行きます (Eiga o mi ni ikimasu): Ninakwenda kutazama filamu.
Imeisha hiyo.

Hatua ya 2: lengo ni tendo unaloliamua mwenyewe. Umbo la kamusi + tame ni.
留学するために貯金しています (Ryūgaku suru tame ni chokin shite imasu): Naweka akiba ili nikasome nje.
Anayeweka akiba ndiye atakayesoma. Mtendaji ni mmoja. Nomino huunganishwa kwa no: kazoku no tame ni, kwa ajili ya familia.

Hatua ya 3: lengo ni hali unayoitaka ila huwezi kuiamuru. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumia yō ni kwa kukanusha, kwa umbo la uwezo, kwa vitenzi kama wakaru (kuelewa) na kikoeru (kusikika), na mara nyingi mtendaji wa lengo akiwa mtu mwingine.
忘れないように書いておきます (Wasurenai yō ni kaite okimasu): Naandika nisije nikasahau.
日本語が話せるように練習します (Nihongo ga hanaseru yō ni renshū shimasu): Nafanya mazoezi ili niweze kuzungumza Kijapani.
Jiulize: naweza kukata shauri sasa hivi nikalifanya? Kuondoka, naam. Kuelewa, hapana, kuelewa kunakuja kwenyewe, kwa hiyo wakaru yō ni.

Hatua ya 4: kitu ni cha kufanyia nini? No ni, ikifuatwa na tsukau (kutumia), benri (-a kufaa), hitsuyō (-a lazima) au kakaru (kuchukua muda au gharama).
この包丁は肉を切るのに使います (Kono hōchō wa niku o kiru no ni tsukaimasu): Kisu hiki ni cha kukatia nyama.

Maswali ya wanachama

*Nimekuta "Ōame no tame ni densha ga tomarimashita". Mvua ilikusudia kusimamisha treni?*
Haha, hapana. Tame ni hubeba sababu pia: treni zilisimama kwa sababu ya mvua kubwa. Kitenzi kinachoitangulia kikiwa cha -ta (wakati uliopita), karibu kila mara ni sababu.

*Mwalimu, no ni si "ingawa"?*
Ni hiyo pia. Benkyō shita no ni ochimashita: nimesoma, na bado nimefeli. Tazama kinachofuata, ukiona tsukau au benri, uwezekano mkubwa ni kusudi.

*Mbona nimeona "makenai tame ni" (ili nisishindwe)? Si umesema kukanusha ni yō ni?*
Kwa kawaida ndiyo. Lakini mtu akiazimia kabisa kutoshindwa, akalifanya kuwa uamuzi wake, tame ni inakubalika. Wewe anza na yō ni.