Kuomba Chuo Mapema au Katika Awamu ya Kawaida: Namna ya Kuamua

Mwanafunzi anayeomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani hulazimika kuchagua kati ya maombi ya mapema na awamu ya kawaida. Uchaguzi huo huonekana kuwa wa tarehe tu, lakini kwa familia nyingi ni suala la fedha, na ndipo panapofaa kuanzia.

Maombi ya mapema yako ya aina mbili, na asiyezitofautisha anaweza kujikuta pabaya. Aina ya kwanza humfunga mwombaji: huomba chuo kimoja tu kwa utaratibu huo, hutia saini pamoja na mzazi na mshauri wa shule, na akikubaliwa anatarajiwa kujiunga na kuondoa maombi aliyopeleka kwingine. Aina ya pili haimfungi, kwani hupata jibu mapema na kwa kawaida huwa na muda hadi tarehe 1 Mei kuamua. Mara nyingi tarehe ya mwisho ya aina zote mbili ni 1 au 15 Novemba, ilhali maombi ya awamu ya kawaida katika vyuo vingi vyenye ushindani mkali hupokelewa hadi mwanzoni mwa Januari, na majibu yake hutoka kuelekea mwisho wa Machi. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hazimfungi mwombaji wa mapema, ila humzuia kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi.

Aliyejifunga hupokea pendekezo moja la ufadhili na hana jingine la kulilinganisha nalo. Ni kweli kwamba chuo humwachilia mwombaji iwapo msaada kiliompa hautoshi, lakini kuitegemea njia hiyo tangu mwanzo si busara. Kabla ya kutia saini, familia itumie kikokotoo cha gharama ambacho sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya wanafunzi kutoka serikali kuu kukiweka kwenye tovuti zao. Na kwa kuwa vikokotoo vingi vimekusudiwa wanafunzi wa Marekani, mwombaji wa kutoka nje aiulize kwa maandishi ofisi ya ufadhili ya chuo husika. Ikiwa familia haina budi kulinganisha gharama za vyuo kadhaa, ushauri wangu ni kwamba isijifunge.

Wengi huvutwa na habari kwamba waombaji wa mapema hukubaliwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini kundi hilo lina wanamichezo ambao vyuo vimekwisha kuwachagua pamoja na watoto wa wahitimu, hivyo takwimu hiyo haimwelezi mwombaji wa kawaida nafasi yake halisi.

Liangaliwe pia suala la alama. Mwanafunzi ambaye matokeo yake yanapanda hunufaika kwa kusubiri, kwa sababu katika awamu ya kawaida chuo huweza kuona alama za nusu ya kwanza ya mwaka wake wa mwisho.

Anayeamua kuomba mapema asiache kuandaa maombi mengine. Majibu ya maombi yanayofunga hutolewa kwa kawaida katikati ya Desemba, na anayekataliwa hubakiwa na takriban wiki mbili tu kabla ya tarehe za Januari. Anayeahirishwa hadi awamu ya kawaida huwa hafungwi tena, na anaweza kukiandikia chuo barua fupi yenye alama zake mpya.