Kambi ya ukarabati Ufaransa: kuanzia viza hadi chokaa ukutani

Ukienda Ufaransa kujitolea kukarabati nyumba za zamani, usitarajie kujenga nyumba. Kazi utakayokabidhiwa mara nyingi ni kutoa saruji iliyobandikwa juu ya ukuta wa mawe, kukwangua jointi (nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe) na kuzijaza chokaa upya. Kambi huchukua wiki 2 au 3, watu 10 hadi 15, saa 5 au 6 za kazi kwa siku. Wakati wenyewe ni Julai na Agosti.

Desturi hii ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Ceresole alikusanya watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwemo, kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun kilichosagwa na vita. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Service Civil International. Siku hizi kambi nyingi za majengo ya kale Ufaransa zinapitia REMPART, umoja wa vyama ulioanza mwaka 1966. Kwa upande wetu, UVIKIUTA ya Tanzania na KVDA ya Kenya huandaa kambi za kazi na kubadilishana vijana na mashirika ya nje, kwa hiyo anzia huko.

Nauli ni yako. Kitanda na chakula hutolewa na kambi, nawe huchangia kiasi kidogo. Anayekudai mamilioni kwa kazi ya kujitolea, muulize maswali matatu: jengo ni la nani, fundi mwashi ni nani, na mvua ikinyesha wiki nzima tutafanya nini? Mwenye kambi ya kweli atakujibu palepale.

Makaratasi

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo, huombwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45, kwa hiyo peleka maombi miezi 3 kabla. Ada ni yuro 90. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, na kurasa 2 tupu.

Barua ya kambi itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani ya mahali pa kulala na nani analipia chakula. Weka pia barua ya chuo au ya likizo kazini inayoonyesha kwamba una cha kurudia. Fedha zikiingia benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba, zinanuka mkopo wa jirani, na anayesoma maombi ameshaona mengi ya namna hiyo.

Bima lazima ifike yuro 30,000 na ifunike siku zote, pamoja na ile unayotua kabla kambi haijafunguliwa. Soma maandishi madogo: bima nyingi za utalii hazilipi aliyeumia akifanya kazi za mikono au akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Uliza kama kambi ina bima ya ajali kazini. Chanjo ya pepopunda nayo isiwe imepitwa na wakati.

Mzigo

Buti zenye chuma vidoleni zinunue nyumbani, uzivae wiki 2 kabla ili zikuzoee. Glovu ziwe za mpira: za kitambaa hunyonya maji ya chokaa na kuyaweka kwenye ngozi mchana kutwa, jioni unakuta vidole vimechubuka. Miwani ya kinga, barakoa ya FFP3 (inayochuja vumbi laini) kwa vumbi la mawe, suruali 2 za kazi, kofia na sweta. Ndiyo, sweta hata Julai, kama kambi iko milimani.

Maneno machache ya Kifaransa yatakuokolea muda: chaux ni chokaa, sable mchanga, seau ndoo, truelle mwiko wa fundi. Anayetoka Bujumbura au Bukavu hapa ametangulia.

Kabla ya nyundo

Uliza jengo ni la lini. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto mwaka 1997, na nyumba za kabla ya 1949 ndizo zinazopimwa rangi yenye risasi (madini ya sumu) zikiuzwa. Bati la kijivu la saruji, ambalo huenda lina asbesto, usilivunje, na rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu, mpaka uonyeshwe karatasi ya vipimo. Hiyo si kazi ya mtu wa kujitolea.

Jointi

Ukuta wa zamani wa mawe hupumua: unyevu huingia, kisha hutokea kwenye jointi laini za chokaa. Saruji ni ngumu na huziba njia hiyo, unyevu ukalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe pamoja na chumvi, uso wa jiwe ukamenyeka. Anayezifahamu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu zilizopigwa lipu ya saruji ameuona ugonjwa huuhuu.

Toa saruji kwa tindo na nyundo ya kilo 1, ukipiga kufuata jointi, si kuelekea jiwe. Grenda ya umeme huonekana rahisi, lakini hukata kingo za mawe na alama hazifutiki. Kina kiwe mara 2 ya upana wa jointi, na kisipungue milimita 25. Kama mawe yamelegea, fungua eneo dogo tu, mita 1 ya mraba, ulijaze ndipo usogee. Kisha piga brashi kutoka juu kwenda chini na uoshe vumbi.

Lowesha ukuta jioni, na tena kabla ya kuanza kujaza. Uwe na unyevu bila kung'aa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya mchanganyiko, na chokaa hubaki unga unaotoka ukiugusa kwa kidole.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayoganda ikikutana na maji) kwa ndoo 2.5 hadi 3 za mchanga uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo hadi milimita 4. Mchanga wa baharini una chumvi, haufai. Pima kwa ndoo iliyosawazishwa mdomoni, maana chepe la asubuhi si chepe la saa tisa alasiri. Maji tia kidogo kidogo. Finyanga donge mkononi ukiwa na glovu: likishika umbo bila kuvuja, inatosha. Kosa la wageni wote ni maji mengi, kwa sababu mchanganyiko laini huteleza vizuri kwenye mwiko. Ukikauka hunywea na kuachana na jiwe.

Sukuma kwa mwiko mwembamba mpaka nyuma kabisa, usiache tundu la hewa. Shimo refu lizibe kwa vipande vya mawe, ulijaze kwa tabaka zisizozidi milimita 20, kila moja ikipumzika siku moja.

Sasa ngoja. Ukibonyeza kidole gumba na alama ikabaki kwa shida, gongagonga kwa brashi ngumu. Usilainishe kwa mwiko: ulaini ule unavuta chokaa juu, inafunga matundu na kuleta nyufa.

Fanya kazi upande wenye kivuli, uzunguke nyumba pamoja na jua. Joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, acha kabisa. Ulichojaza kifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, siku 3 kwa uchache na wiki kukiwa na joto au upepo, ukinyunyiza maji mara 2 kwa siku. Jumapili wenzako wakienda mtoni, wawili wabaki na ndoo. Panga zamu hiyo mapema.

Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, huku mwenzako akipiga simu ya dharura, 15 au 112. Chupa ya maji iwe jukwaani, si jikoni.