Kutembeza wageni Ghuba ya Menai kwa mashua, kuanzia Fumba

Siku ya baharini hupangwa na maji, si na saa ya anayelipa. Mgeni akisema mtoke saa tatu mrudi saa kumi, usimkubalie kabla hujauliza leo ni mwezi wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Ukishajua, umejua nusu ya safari: fungu la mchanga litatoka majini saa ngapi, mtaingia lini kwenye mikoko ya kisiwa cha Kwale, na jioni wageni watashukia ufukweni au watatembea kwenye tope na mabegi kichwani.

Hesabu ni hii. Unguja, mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi nane mambo yamegeuka: asubuhi saa nne maji yamejaa, jioni saa kumi yamekupwa. Bamvu, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu, karibu na mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, tofauti hiyo ni ndogo sana. Hesabu ya vidole inatosha kupangia tarehe. Usiku wa kuamkia safari angalia jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni mwendo wa maji yenyewe. Gawa mteremko wote wa maji, tangu kujaa hadi kupwa, sehemu 12. Saa ya kwanza inashuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvu la mita 4, saa ya tatu na ya nne kila moja huondoa mita nzima, na kwenye fungu lenye mteremko mdogo mita moja ya kina ni makumi ya mita za mchanga mkavu. Hapo ndipo mashua hukwama. Nahodha ameegesha omo (mbele ya chombo) mchangani, amekwenda kusimamisha mwavuli, akigeuka chombo kimelala ubavu. Akikwama saa ya tatu ya kupwa, atangoja kama saa sita mpaka maji yarudi kimo kilekile. Kwa hiyo maji yakiwa yanakupwa, baharia mmoja abaki chomboni, tezi (nyuma ya chombo) ielekee kwenye kina, na kila baada ya dakika 15 akisukume nje kwa upondo, ule mti mrefu. Asipewe kazi nyingine yoyote, hata ya kukata mananasi.

Kama wageni wanaweza kuchagua siku, wape mwezi mosi hadi wa tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba. Siku hizo kila kitu huenda kwa utaratibu wake. Ondokeni Fumba saa mbili asubuhi, ukingo ukiwa bado haujakauka. Saa nne fungu liko wazi, na maji yanaposimama ndio wakati wa kuvaa miwani ya kuogelea, kwa sababu mkondo umelala. Maji yakianza kulimeza fungu, hamieni Kwale kwa chakula cha mchana. Kwenye saa tisa ingieni kwenye hori la mikoko, ule mkono mwembamba wa bahari, polepole, kwa kafi, mashine ikiwa imeinuliwa. Saa kumi tanga juu, mnarudi Fumba na maji yamejaa.

Maji mafu ratiba hupinduka: mikoko kwanza, fungu alasiri. Lakini maji ya kujaa kwa siku hizo hayana kina kikubwa, basi pima kwa upondo mlangoni mwa hori kabla ya kuingiza chombo. Fungu nalo huwa dogo. Mwambie mgeni mapema, maana ameona picha ya fungu la bamvu na ndilo analolitarajia.

Upepo una sehemu yake. Kwale iko upande wa kusini wa Fumba. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, mnakwenda kwa kubisha (tanga kwa kukata upande huu na huu dhidi ya upepo) au kwa mashine, mnarudi kwa tanga na wageni wanaifurahia safari. Msimu wa kaskazi ni kinyume: kwenda ni starehe, kurudi ni mashine, kwa hiyo mafuta yahesabiwe kwa safari ya kurudi. Katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, ghuba huchafuka alasiri, na upepo ukikutana na mkondo unaokwenda upande wa pili mawimbi huwa mafupi na makali. Siku za namna hiyo rudi saa nane. Masika msijisumbue.

Kwa wageni 10, mashua ya mita 8 au 9, nahodha na mabaharia wawili wanatosha. Jaketi okozi ni moja kwa kila kichwa, na za watoto ni za watoto: jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Wavae mkiwa bado ufukweni, si mpaka wimbi liingie. Mashine ya stroki mbili huchanganywa nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba lisiloguswa. Chukua plagi mbili mpya na spana yake, kamba ya kuvutia mashine, makasia, ndoo ya kukumba maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya chombo), na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Mashine ikiwaka, angalia tundu la nyuma linalotoa maji ya kupoozea. Yasipotoka, zima papo hapo. Mara nyingi ni mchanga au majani ya bahari yameziba njia, na dakika chache za ubishi zinatosha kuiunguza.

Ghuba hii ni eneo la hifadhi tangu 1997. Lipa ada, na risiti iwe chomboni.

Nanga hutupwa kwenye mchanga tu. Juu ya matumbawe inavunja kile wageni walichokuja kukiona, tena hunasa. Urefu wa kamba uhesabiwe kwa maji yatakayokuwepo, si yaliyopo: ukitia nanga penye mita 2 wakati wa kupwa, na bamvu likaja na mita 4, utakuwa kwenye mita 6, na kamba mara tatu ya hiyo ni mita 18. Kamba ya mita 8 iliyotosha asubuhi ndiyo inayoachia chombo mchana watu wakiwa wanakula.

Wanaoingia majini waanze upande mkondo unakotoka, ili uwarudishe chomboni badala ya kuwapeleka mbali. Miwani ijaribiwe nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, isipoanguka inamfaa. Asiyejua kuogelea abaki na jaketi hata kama maji yanamfika kifuani. Pomboo wakitokea, punguza mwendo, kaa ubavuni mwao, usiwakatie njia. Vyombo viwili vikiwa tayari vipo, endelea na safari yako. Kuwafukuza kunawafanya wapige mbizi, na mgeni haoni chochote.

Wa kulevywa na bahari umkalishe karibu na tezi, upepo ukimpiga usoni, macho kwenye upeo. Dawa inywewe kama saa moja kabla. Akishaanza kutapika haikai tumboni. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia wengine. Turubai la kivuli ni lazima, ingawa tanga likipandishwa hushushwa, basi kila mtu awe na kofia na shati la mikono mirefu. Mgeni wa nchi za baridi huungua hata siku ya mawingu.

Chakula. Kwa watu 13, wageni na mabaharia pamoja: changu wazima kilo 6, pweza kilo 2 na nusu akiwa mbichi (akichemshwa hunywea karibu nusu), mchele kilo 2, nazi 4, mananasi 3, ndizi mbivu, dafu moja kwa kila mtu, maji ya kunywa lita 40, barafu kilo 15, makaa debe moja. Weka kuku wawili kwa wasiokula samaki, na uliza kabla nani anadhurika na kamba au kaa. Pweza achemshwe nyumbani mpaka alainike. Kisiwani ni kumpitisha motoni dakika tano. Samaki mkate mistari, mpake chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili asubuhi, lakini ndimu itiwe nusu saa tu kabla ya kuchoma. Ikikaa tangu alfajiri nyama hupauka na kumeguka kwenye wavu. Makaa yangoje mpaka yafunikwe na jivu, kisha changu wa nusu kilo apewe dakika nane kila upande.

Makaa yaliyobaki usiyafukie. Mchanga huyahifadhi na moto kwa saa nyingi, na juu hapaonekani kitu mpaka mtoto akanyage. Yazime kwa maji ya bahari, yatie kwenye debe, rudi nayo pamoja na taka zote. Wakati huo wageni waende kwa miguu kuuona mbuyu mkubwa wa Kwale, ulioanguka na bado unachipua.

Kabla ya kung'oa nanga, kila kituo, hesabu vichwa kwa sauti, na baharia wa pili ahesabu tena. Ukifika Fumba, mashine ipitishiwe maji baridi, yasiyo ya chumvi, dakika tano hadi kumi, tanga lianikwe likauke kabla ya kukunjwa, na jaketi zisuuzwe chumvi kabla hazijapakiwa.